Gari Lilipita Vuu! Kasi na Sauti Yake katika Insha na Uhakiki wa Kiswahili

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisahihisha insha za Kidato cha Pili katika shule moja iliyo kandokando ya barabara inayotoka Kitale kuelekea Webuye. Mada ilikuwa ile ya kawaida: ajali niliyoishuhudia. Mwanafunzi wa kwanza aliandika, "Pikipiki ilizumu ikatuacha." Nikapiga mstari mwekundu na kuandika pambizoni: Kiingereza. Wa pili aliandika, "Pikipiki ilitupita vuu! Tukabaki na vumbi." Hapo pia nikapiga mstari, nikaandika: lugha ya mama. Wa tatu aliandika, "Pikipiki ilipita kwa kasi ya juu sana." Huyu nikampa alama ya vyema.

Muhula uliofuata, yule mwanafunzi wa pili aliandika "kwa kasi ya juu sana" mara nne katika insha moja. Vuu lake halikuonekana tena. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimeisahihisha sentensi iliyokuwa bora kuliko zote tatu, na kwamba kijana alikuwa amenisikiliza vizuri mno.

Makala haya yanakusudia kufafanua kosa langu hilo ili mwalimu mwenzangu asilirudie na mtahiniwa asilipie gharama yake. Tutaangalia jinsi Kiingereza kinavyoeleza mwendo wa kasi na sauti iandamanayo nao, jinsi Kiswahili kinavyolifanya jambo hilohilo kwa njia yake, na namna ya kuzihakiki tanakali za sauti bila kuishia kuziorodhesha tu.

Kasi iliyofichwa ndani ya kitenzi

Kiingereza kina vitenzi vingi mno vya mwendo wa kasi. Kuna "dash", "dart", "rush", "bolt", "zoom", "whizz" na vingine chungu nzima. Vingi kati ya hivi hubeba mambo mawili au matatu kwa pamoja: kwamba kitu kilisogea, kwamba kilisogea kwa kasi, na pengine kwamba kilitoa sauti fulani kikisogea. "Whizz" ni mwendo pamoja na mvumo mwembamba. "Clatter" ni mwendo pamoja na vishindo vya vitu vigumu vinavyogongana. "Screech" ni kilio kikali cha kitu kinachokwaruzana na kingine, kama magurudumu na lami.

Maneno hayo hayakuzaliwa yote kwa njia moja. "Bolt" lilikuwa jina la mshale mfupi mnene kabla ya kuwa kitenzi cha kuchomoka mbio. "Zoom" lilianza kama mwigo wa mvumo. Marubani wa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia wakalitumia kueleza ndege inayopaa kwa ghafla, kisha likahamia kwenye lenzi za kamera, na tangu mwaka wa 2020 wanafunzi wetu wengi wanalijua kama jina la mkutano wa mtandaoni. Sauti iliyokuwa ndani yake imefifia. Mwanafunzi anayeandika "ilizumu" basi hajachukua sauti yoyote kutoka Kiingereza. Amechukua ganda lake.

Pamoja na hayo, tatizo kubwa la mwanafunzi huyu si msamiati bali ni muundo. Tazama sentensi ya Kiingereza isemayo "The boy dashed into the house." Kitenzi kinabeba kasi, na kijineno "into" kinabeba mwelekeo. Kiswahili hupanga mzigo huu kinyume. Vitenzi vyetu vya msingi vya mwendo hubeba mwelekeo: ingia, toka, panda, shuka, pita, vuka, rudi. Kasi na sauti hukaa nje ya kitenzi. Kwa hivyo twasema, "Mvulana aliingia nyumbani mbio." Wanaisimu waliolinganisha lugha za dunia, hasa Leonard Talmy katika miaka ya 1980, wameonyesha kwamba lugha hutofautiana katika jambo hili: baadhi hutia namna ya mwendo ndani ya kitenzi na nyingine hutia mwelekeo. Kiswahili kiko katika kundi la pili.

Mwanafunzi asiyelijua hili hutafuta neno moja la Kiswahili la kuchukua mahali pa "dash". Akilikosa, huamua kwamba Kiswahili ni lugha maskini. Kisha hukopa neno la Kiingereza na kulivika kiambishi, au hukimbilia "kwa kasi ya juu sana". Umaskini huo haupo. Anachohitaji ni kujua mahali Kiswahili kilikoweka mali yake.

Nyenzo tano za Kiswahili

Mali hiyo imewekwa katika nyenzo tano, na mtahiniwa anastahili kuzijua zote.

1. Kitenzi cha mwelekeo pamoja na kielezi cha kawaida. Alitoka mbio. Alishuka kilima shoti. Walirudi upesi. Hapa msomaji anaambiwa habari ya kasi, lakini haisikii.

2. Kitenzi pamoja na tanakali ya sauti. Risasi ilimpita sikioni fyu! Mtoto alianguka majini chubwi! Hapa msomaji anasikia.

3. Kitenzi chenye sauti ndani yake. Kiswahili nacho kina vitenzi vya aina hii, na ni kosa kuwafundisha wanafunzi kwamba havipo. Mifano ni nguruma, vuma, rindima, tiririka, papatika, kurupuka, churupuka. Baadhi vina undugu wa wazi na tanakali: anayechopoka churupu ndiye aliyechurupuka. Fyatuka nacho ni kitenzi cha mtego au mtambo unaoachia kwa ghafla. Mtu akifyatuka kitini, msomaji huona mwendo wa chemchemi ya chuma.

4. Kishazi cha hali ya -ki- kinachoeleza sauti kando ya mwendo. Matatu ilisimama ghafla, magurudumu yakilia kwenye lami. Muundo huu ndio unaofaa zaidi kuipokea sentensi ya Kiingereza yenye kitenzi kama "screech", kwa kuwa unatenga mwendo na sauti bila kuvitenganisha kwa wakati.

5. Tashbihi. Alichomoka kama mshale. Alipita kama umeme. Hii ndiyo nyenzo iliyochakaa zaidi kwa kutumiwa ovyo. Insha ikiwa na umeme watatu katika ukurasa mmoja, hakuna hata mmoja utakaomulika.

Linganisha sasa jinsi sentensi za Kiingereza zinavyoweza kufasiriwa kwa nyenzo hizi. "The motorbike zoomed past us" inakuwa "Pikipiki ilitupita vuu!" Kitenzi kupita kimechukua mwelekeo, tanakali imechukua kasi na sauti. "The children clattered down the stairs" inakuwa "Watoto waliteremka ngazi mbio, vishindo vyao vikijaa nyumba nzima." Hapa hakuna tanakali hata moja, na bado sauti ipo, kwa sababu nomino vishindo imeibeba. "The fish slipped out of his hand" inakuwa "Samaki alimchopoka mkononi churupu!" Katika mfano wa pili, idadi ya maneno imeongezeka kidogo. Hilo lisimtie mwanafunzi hofu. Ubora wa tafsiri haupimwi kwa ufupi.

Tanakali ni nini hasa?

Katika vitabu vyetu vingi vya darasani, tanakali za sauti huelezwa kuwa ni maneno yanayoiga sauti ya kitu au tendo. Maelezo haya ni ya kweli lakini hayatoshi. Mtu aliyelala fofofo hatoi sauti yoyote ya fofofo. Nguo nyeupe pepepe haina mlio. Mtungi uliojaa pomoni umenyamaza. Clement Doke, katika kitabu chake cha istilahi za isimu ya Kibantu cha mwaka wa 1935, aliyaona maneno ya aina hii kuwa ni njia ya kuchora wazo kwa sauti. Wazo lenyewe linaweza kuwa mlio, na linaweza pia kuwa rangi, hali, kimya au mwendo. Ndiyo maana wataalamu wengine hupendelea kuyaita viigizi, au vielezi viigizi yanapoandamana na kitenzi.

Kwa mada yetu ya kasi, tofauti hii ina uzito. Vuu linaiga mvumo wa hewa inayopasuliwa na chombo. Lakini tanakali nyingine za mwendo huiga umbo la tendo: jinsi lilivyoanza, lilivyodumu na lilivyokoma. Churupu lina silabi tatu, na kitu kinachopenya na kuchopoka nacho hupitia hatua. Fyu ni silabi moja, na risasi haina hatua.

Tanakali zina tabia zake za kisarufi ambazo mtahiniwa anapaswa kuzielewa:

(a) Hazichukui upatanisho wa ngeli. Mtu alianguka pu, mti ulianguka pu, jiwe lilianguka pu. Pu halibadiliki.

(b) Hukaa karibu na kitenzi chake, aghalabu baada yake, na mara nyingi mwishoni mwa sentensi, pumzi inapokatika.

(c) Kila moja huwa na vitenzi vyake na mazingira yake. Mtu huanguka majini chubwi, huanguka mchangani tifu, huanguka chini pu. Anayeandika "alianguka majini tifu" amemwangusha mhusika wake mahali pasipo na maji.

(d) Hukataa ukanushi katika matumizi ya kawaida. "Hakuanguka pu" huchekesha, kwani tanakali huonyesha jambo, na jambo ambalo halikutokea haliwezi kuonyeshwa.

(e) Hurudiwa au hurefushwa kwa maana. Tone moja hudondoka ndo. Matone mengi hudondoka ndo ndo ndo. Mwandishi akirefusha irabu katika vuu, ameurefusha pia msafara unaopita. Kwa hivyo idadi ya marudio si pambo, na mhakiki anaweza kuihesabu.

Tahadhari kuhusu istilahi

Kuna makosa matatu ambayo hurudiwarudiwa na watahiniwa.

La kwanza ni kuchanganya kiigizi na kiingizi. Herufi moja tu ndiyo inayoyatofautisha maneno haya. Kiigizi huiga: pu, chubwi, vuu. Kiingizi, ambacho pia huitwa kihisishi, hutoa hisia za msemaji: lo! ala! salale! Katika sentensi "Lo! Gari lilipita vuu!" vyote viwili vipo. Lo ni mshangao wa msemaji. Vuu ni mali ya gari.

La pili ni kuchanganya tanakali na nomino za milio. Ngurumo ya radi, mrindimo wa ngoma, mvumo wa upepo na vishindo vya nyayo ni majina ya sauti. Yana ngeli, yana upatanisho, yanaweza kukanushwa: "Hapakusikika kishindo." Tanakali haina uwezo huo. Nomino hutaja sauti ilhali tanakali huitoa.

La tatu ni kuita kila urudiaji takriri, au kila takriri tanakali. Katika "ndo ndo ndo" kuna tanakali iliyorudiwa. Katika "haraka haraka" kuna kielezi kilichorudiwa, na hakuna sauti inayoigwa.

Mwanafunzi wa Bungoma na Kitale

Twarudi kwa yule kijana wangu. Niliandika "lugha ya mama" pambizoni kwa sababu vuu lake lilinikumbusha jinsi watu wanavyosimuliana habari sokoni na vijijini kwetu. Ushahidi wangu ulikuwa huo tu, na haukufaa kitu. Tanakali ni urithi wa lugha za Kibantu kwa jumla, na Kiswahili na Lubukusu ni ndugu. Ndugu wakifanana, hakuna aliyemwibia mwenziwe.

Mwanafunzi wa Bungoma huja darasani akiwa tayari amesikia ngano zikitambwa kwa sauti za kila aina. Anajua bila kufunzwa kwamba msimulizi mzuri humfanya fisi aanguke mara mbili, kwanza kwa kitenzi kisha kwa tanakali. Mwenzake wa Kitale huenda ametoka kwenye nyumba ya Kibukusu, Kisabaoti, Kipokoti, Kiturkana, Kinandi au Gĩkũyũ, na Kiswahili ndicho kinachomuunganisha na jirani. Naye ana mali yake. Kumwambia aiache nje ya darasa kisha kumkabidhi orodha ya tanakali thelathini akariri ni sawa na kumnyang'anya mtu jembe, halafu kumuuzia.

Hata hivyo, ukweli una pande mbili. Ipo athari ya lugha ya kwanza inayopaswa kusahihishwa, na mwalimu aijue inakaa wapi. Katika Lubukusu, vipasuo ghuna kama [b], [d] na [g] hutokea hasa baada ya nazali. Lugha za Kikalenjini, kama Kisabaoti na Kipokoti, nazo hazitumii tofauti ya vipasuo ghuna na hafifu kutenga maana ya maneno jinsi Kiswahili kifanyavyo. Matokeo yake ni kwamba chubwi huandikwa "chupwi", na gubigubi huwa "kupikupi". Kwa maneno ya kawaida, kosa kama hilo ni la tahajia. Kwa tanakali, ni kosa la picha pia, kwa kuwa sauti ndiyo maana yenyewe. Dawa yake ni kumsomea mwanafunzi kwa sauti, kumsikiliza akitamka, na kumsahihisha konsonanti iliyokosewa huku ukimwachia tanakali yake.

Vilevile, zipo tanakali za lugha za nyumbani ambazo msomaji wa Mombasa au Tanga hatazielewa. Hizi zitumike katika usemi wa mhusika, pale inapofaa kumtambulisha. Msimulizi wa insha atumie zile zilizozoeleka katika Kiswahili Sanifu. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayohusu semi za vijana kama "alitoka nduki". Kinywani mwa kondakta zinakubalika, lakini katika maelezo ya mwandishi zitamgharimu mtahiniwa.

Je, maneno ya Kiingereza yapigwe marufuku?

La hasha. Kiswahili kimepokea maneno mengi ya Kiingereza, yakiwemo ya usafiri. Mfano mzuri uko jirani nasi. Katika mpaka wa Busia, waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha abiria na mizigo kati ya Kenya na Uganda ndio wanaoaminika kuwa chimbuko la neno bodaboda, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Leo neno hilo limeenea Afrika Mashariki yote, na limepanda kutoka baiskeli hadi pikipiki.

Sasa tazama chombo hicho kimoja na majina yake mawili. Pikipiki ni jina linaloiga mlio wa mtambo. Bodaboda ni jina lililotokana na neno la kigeni. Yote mawili yamekubalika, na yote mawili yamerudufiwa kwa mtindo wetu. Bodaboda lilipokelewa kwa sababu palikuwa na kazi mpya isiyokuwa na jina. "Kuzumu" halikuwa na pengo la kujaza, kwani vuu lilikuwepo, na kupita kulikuwepo. Hiki ndicho kipimo ambacho mwalimu anaweza kumpa mwanafunzi anayeuliza kwa nini neno hili limekatazwa na lile likaachwa: je, lipo neno la Kiswahili linaloifanya kazi hiyo? Likiwepo, litumie.

Kuhakiki tanakali: mfano wa kifungu

Katika karatasi ya fasihi, watahiniwa wengi huitambua tanakali bila shida. Wanapoulizwa umuhimu wake, huandika kwamba imetumiwa "kupamba lugha" au "kuifanya kazi ivutie". Majibu haya yangeweza kuandikwa kuhusu mbinu yoyote katika kazi yoyote. Hayaonyeshi kwamba mtahiniwa amekisoma kifungu. Hebu tukitazame kifungu hiki nilichokitunga kwa ajili ya zoezi:

Jua lilikuwa limeinamia Mlima Elgon. Mama Nekesa aliinama kando ya barabara akianua mahindi yake. Kimya kilikuwa jii. Mara, kutoka upande wa Kamukuywa, ukasikika mvumo. Ukakua. Ukawa ngurumo. Kabla hajainua kichwa, matatu ilimpita vuu! Turubai likapeperuka, mahindi yakamwagika mwaa! Kuku aliyekuwa akidonoa akapapatika hadi ng'ambo. Mama akasimama tuli, mkono kifuani. Punje moja iliyokuwa imenasa kwenye ungo ikadondoka: ndo. Kisha kimya tena.

Jibu dhaifu: Mwandishi ametumia tanakali za sauti, kwa mfano vuu na mwaa. Zimeifanya hadithi ipendeze.

Jibu bora linaweza kujengwa kwa hoja zifuatazo:

Kwanza, tanakali zimepangwa ili zikabiliane. Jii na tuli ni za utulivu, vuu na mwaa ni za fujo. Kifungu kinaanza kwa kimya na kuishia kwa kimya, lakini kimya cha mwisho si kile cha mwanzo. Cha kwanza ni cha amani, cha pili ni cha hasara.

Pili, sauti ya gari imepandishwa ngazi kwa ngazi kwa nomino, mvumo kisha ngurumo, na ikafika kileleni kwa tanakali. Nomino zinatufahamisha kwamba gari linakuja. Tanakali inatupitishia gari lenyewe. Sentensi fupi "Ukakua. Ukawa ngurumo." zimesaidia kuongeza taharuki.

Tatu, matatu imeelezwa kwa neno moja fupi tu. Hatuoni dereva, rangi wala abiria. Mama Nekesa naye hakuwaona. Tanakali basi imetufanya tulione tukio kutoka mahali aliposimama yeye, na imedokeza maudhui: wenye nguvu hupita na kuacha hasara bila hata kujua waliyemwumiza.

Nne, ndo limetumika mara moja, ilhali kwa kawaida hurudiwa. Upweke wa tone hilo la sauti unaonyesha kwamba ungo umebaki mtupu.

Tano, si kila sauti imetolewa kwa tanakali. Kuku amepewa kitenzi papatika. Mwandishi angetia tanakali hapo pia, vuu na mwaa zingepoteza nguvu.

Hoja hizi zote zimetoka ndani ya kifungu. Mtahiniwa atakayezoea kujiuliza maswali manne atazipata bila kukariri: Tanakali hii inaiga nini? Imekaa wapi katika sentensi na katika tukio? Imerudiwa mara ngapi, na kwa nini? Ingeondolewa, kungepotea nini?

Mapendekezo kwa mwalimu

Kutokana na uzoefu wa darasani, nadokeza shughuli chache.

Watoe wanafunzi nje kwa dakika kumi, wafumbe macho karibu na barabara, uwanja au jiko la shule, kisha waandike wanachosikia. Walio karibu na Webuye wanaweza kupelekwa kwenye maporomoko ya Nabuyole, ambapo Mto Nzoia hushuka kwa kishindo. Wataje kwanza sauti kwa nomino, halafu kwa kitenzi, mwisho kwa tanakali. Tofauti za nyenzo zitajifundisha zenyewe.

Wape sentensi za Kiingereza zenye vitenzi vya kasi wazifasiri kwa njia mbili tofauti kila moja, huku wakitaja ni nyenzo ipi wameitumia.

Wasomeshe safari za wahusika katika riwaya. Ken Walibora (1965–2020), mzaliwa wa Bungoma, alimsafirisha mhusika mkuu wa riwaya yake Siku Njema (1996) kutoka Tanga hadi Kitale. Mwanafunzi wa Kitale atafurahi kuona mji wake ukiwa mwisho wa safari ndefu kama hiyo. Aichunguze safari hiyo: ni wapi mwandishi ametumia kitenzi kitupu, wapi kielezi, wapi tashbihi, wapi tanakali? Na je, ni wapi ameamua kunyamaza?

Weka mipaka katika insha. Tanakali mbili au tatu zilizokaa mahali pake zinatosha. Insha yenye tanakali kila mstari huwa kama ngoma isiyo na pumziko, hakuna anayesikia mdundo tena. Katika insha za kiuamilifu, kama ripoti au barua rasmi, zisitumiwe kabisa. Katika ripoti ya ajali, maneno "gari lilikuwa likienda kwa kasi" ndiyo yanayofaa.

Hitimisho

Kiingereza huficha kasi na sauti ndani ya kitenzi. Kiswahili aghalabu huviweka nje, vikasimama peke yao mwishoni mwa sentensi ambapo kila mtu anaweza kuvisikia. Mwanafunzi akilielewa hilo, hatahitaji "kuzumu", na hatalazimika kujificha nyuma ya "kwa kasi ya juu sana". Mhakiki akilielewa, ataacha kusema kwamba tanakali hupamba lugha, na ataanza kusema inafanya nini katika kifungu alichokisoma.

Nami, kila nikiishika kalamu nyekundu, hujiuliza kwanza kama neno lililo mbele yangu ni kosa au ni sikio zuri la mtoto. Yule kijana alikuwa na sikio zuri. Mwalimu mwenzangu, ukikutana na vuu katika insha wiki hii, liangalie mara mbili kabla ya kulipigia mstari.